Pistole iliyopiga masasi 6.000 bila kukwama
Chombo kinajulikana kwa kazi, hapana kwa kung'aa

Wasomaji wetu, leo tunaongea juu ya pistole. Tunajua wengi watauliza: pistole inatafuta nini mu ukurasa wa watu wa mugodi? Sisi hatuko waaskari. Sisi tuko watu wa marto, wa kaji na wa tanuru.

Jibu letu ni fupi. Pistole ni chombo cha chuma ambacho mutu anakiwekea maisha yake. Siku anapokihitaji, hana nafasi ya kukitengeneza kwanza. Sasa, chombo cha namna hiyo kinapimwa namna gani? Nani anahesabu makosa yake? Na makosa mangapi yanatosha kusema: hapana, hiki hatukitaki? Maulizo hayo ni ya kila mutu anayeshuka mu shimo juu ya kamba ambayo yeye mwenyewe hakuinunua. Kwa sababu hiyo tumechagua kuwaelezea habari ya pistole moja iliyochoshwa kwa makusudi mbele ya kukubaliwa, na ya ingine iliyokubaliwa vizuri, kisha ikaanza kupasuka ku kazi.

NAMNA INAVYOTUMIKA

Tuanze na mashini yenyewe. Pistole ya zamani ilikuwa ya kuzunguka: masasi tano ao sita yanakaa mu kipande cha duara. Ukivuta kidole, duara inazunguka, lisasi ingine inakuja mbele. Nguvu ya kidole njo inafanya kazi yote. Ukipata lisasi iliyooza, unavuta tena, duara inapita ku lisasi inayofuata.

Pistole ya nusu-otomatiki haiko hivyo. Ile inatumia nguvu ya baruti yenyewe. Lisasi inapotoka mbele, kipande cha juu cha pistole kinasukumwa nyuma. Kinapokwenda nyuma, kinavuta ganda tupu, kinalitupa inje, na kinabana resori. Resori nayo inakirudisha mbele, na kwa njia kinakokota lisasi mpya kutoka mu kisanduku kilicho ndani ya mushikio na kuiingiza mu bomba. Yote hayo yanapita mbele ya jicho kufunga na kufunguka. Kidole kinavuta mara moja, lisasi moja inatoka. Lakini kutupa ganda na kupakia tena, mashini inafanya yenyewe. Njo maana ya "nusu".

Mwenye kushika marto ya hewa ataelewa haraka. Pigo moja linatayarisha pigo la pili. Na anajua pia matatizo yake: vumbi, resori iliyochoka, mafuta kidogo, pini iliyolika. Kipande kimoja kikichelewa kidogo tu, mwendo wote unasimama. Mu pistole, ganda tupu linabaki katikati ya mulango, halitoki wala halirudi. Watu wa silaha wanaita hiyo kukwama. Mutu aliyekuwa na chombo mu mukono, sasa ana kipande cha chuma.

Kuko na jambo moja hapa ambalo baba na mama wanapashwa kulishika vizuri, sababu linaua watu mu nyumba. Kuondoa kisanduku cha masasi hakuondoi lisasi iliyokwisha kuingia mu bomba. Pistole isiyo na kisanduku, ambayo mutu anasema "haina kitu", inaweza bado kupiga mara moja. Kuko pistole zenye kizuizi kinachofunga kidole kisanduku kikitoka, na kuko nyingi zisizo nacho. Mutoto akiona silaha mu majani ao mu nyumba, asiguse, asiinue, aite mukubwa. Na mukubwa naye asiamini neno "tupu" bila kufungua na kutazama mu bomba kwa macho yake.

WAAMERIKA WANATAFUTA PISTOLE

Habari yetu inaanzia mbali, ku visiwa vya Ufilipino, mwanzo wa karne ya 20. Jeshi la Marekani lilikuwa linapigana kule, na waaskari wakalalamika kwamba pistole zao za kuzunguka, zenye lisasi ndogo ya .38, hazikuweza kusimamisha mutu anayewakimbilia na upanga mu mukono. Mwaka wa 1904 maofisa wawili, Thompson wa upande wa silaha na LaGarde aliyekuwa munganga, walipewa kazi ya kupima ukubwa wa lisasi. Wakajibu kwamba lisasi ya pistole ya vita isikuwe chini ya .45, ni kusema upana wa milimetre 11 na kidogo.

Basi mwaka wa 1907 jeshi likaita watengenezaji walete pistole zao. Wakakuja wengi. Kompani ya Colt ilileta pistole ya fundi John Moses Browning, mwana wa fundi wa bunduki wa mji wa Ogden, mu Utah. Kompani ya Savage, nayo ya Marekani, ikaleta yake. Georg Luger akatoka Ujerumani na ile pistole yenye jina lake, lakini safari hii imetengenezwa kwa lisasi kubwa ya .45. Wengine wakaleta za kuzunguka.

Majaribio ya 1907 hayakutoa mushindi. Colt na Savage zilionekana kuwa na tumaini, lakini tumaini si kazi. Zikatengenezwa zingine kwa mamia, zikapewa waaskari wa farasi wazitumie mu vumbi, mu mvua na mu jasho la nyama, hapana ku meza ya ofisi. Makosa yakaonekana, yakaandikwa, yakarudi ku meza ya fundi.

Hapa tunapenda wasomaji wasimame kidogo. Kutoka 1907 mpaka 1911 ni miaka karibu mine. Kwa miaka hiyo jeshi halikusema "leteni tu, tutazoea". Na Browning hakusema "pistole yangu iko muzuri, waaskari ndio hawajui". Alibadilisha. Mu pistole ya kwanza, bomba lilishikwa na vipande viwili vidogo, kimoja mbele, kimoja nyuma. Mu ile ya mwisho, likashikwa na kimoja tu, cha nyuma. Mushikio ukainamishwa zaidi ili mukono uelekee vizuri. Kufuli ya usalama ya kidole gumba ikaongezwa. Ukiweka pistole ya 1907 pembeni ya ile ya 1911, utaona ni ndugu, lakini mukubwa na mudogo hawakupita njia moja.

MASASI 6.000

Mwezi wa tatu wa 1911 zikabaki pistole mbili, Colt na Savage, na jaribio moja la mwisho. Sheria yake ilikuwa rahisi kuelewa, lakini ngumu kuvumilia.

Kila pistole itapiga masasi 6.000. Inapiga masasi 100, inapumzishwa dakika tano ipoe. Inapiga mengine 100, inapumzishwa tena. Kila masasi 1.000, inasafishwa na kupakwa mafuta. Kati ya 1.000 na 1.000, hakuna kuhurumia. Na kila kukwama, hata kudogo, kunaandikwa mu buku.

Tuhesabu pamoja. Masasi 6.000 kwa mafungu ya 100 ni mafungu 60. Kama kila fungu linapumzishwa dakika tano, mapumziko peke yake yanakula saa tano. Mutu anayepiga anachoka, mukono unavimba, masikio yanalia. Pistole nayo inachoka: resori inabanwa mara 6.000, kipande cha juu kinagonga nyuma mara 6.000 na kinagonga mbele mara 6.000, kidoto cha chuma kinachovuta ganda kinanyoka na kupinda mara 6.000.

Kisha ile hesabu, haikuisha. Zikaletwa masasi mabaya kwa makusudi: mengine yamesukumwa sana ndani ya ganda, mengine yametoka sana, mengine yamepindika. Pistole ikatiwa mu asidi mpaka ikapata kutu, ikatiwa mu muchanga na mu matope, ikaambiwa: sasa piga.

Matokeo yakaandikwa. Savage ilikwama ao kukosa mara 37. Colt, mu masasi yake yote 6.000, haikukosa hata mara moja. Tarehe 29 mwezi wa tatu 1911, jeshi la Marekani likaikubali. Likaipa jina la mwaka wenyewe: M1911. Ikabaki pistole ya kazi ya jeshi lile mpaka 1985, ni kusema miaka 74.

Kwa sisi watu wa Katanga mwaka ule una alama yake. Ni mu 1911 tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba yake ya kwanza. Kule wanapima chuma kwa moto wa baruti, huku wanayeyusha majiwe kwa moto wa makaa.

37 NI KIDOGO AO NI MINGI?

Mutu mwingine atasema: mara 37 kwa 6.000, hiyo ni kitu gani? Ni karibu mara moja kwa kila masasi 162. Ukipiga leo, ukipiga kesho, hauwezi hata kuona tofauti kati ya pistole hizi mbili. Zote zinang'aa, zote zinapiga. Mutu akinunua moja na kupiga masasi 50 siku ya kwanza, atarudi nyumbani na furaha, ataapa kwamba ni chombo cha ajabu. Na hatakuwa anasema uongo. Atakuwa tu hajafika bado pa kosa.

Lakini tuchukue hesabu ile tuipeleke mu shimo. Watu wa Kipushi wanajua kaji, ile sanduku ya chuma inayoshusha watumikaji na kuwapandisha. Mutumikaji anaingia mu kaji mara mbili kwa siku: kushuka na kupanda. Tuseme kaji inakosa mara moja kwa safari 162. Gawanya kwa mbili: ni siku 81 za kazi. Haifiki hata miezi ine. Nani kati yetu angekubali kusaini kazi namna hiyo? Nani angemwacha mutoto wake asaini?

Ukweli ni kwamba pistole ikikwama, mara mingi mwenye nayo anaweza kuvuta kipande cha juu kwa mukono, kutoa ganda, na kuendelea. Kukwama si kufa. Savage haikuwa takataka. Kwa wakati wake ilikuwa mashini nzuri, na kompani iliuza pistole zake ndogo kwa watu wengi. Lakini jeshi halikuwa linatafuta mashini nzuri. Lilikuwa linatafuta ile ambayo mutu anaweza kuisahau mu mukono wake na kufikiri juu ya hatari iliyo mbele.

Tena tusidanganyike na sifuri. Sifuri kwa masasi 6.000 haisemi "pistole hii haitakwama milele". Inasema tu: pistole hii moja, kwa masasi haya, na usafi huu, na mafuta haya, haikukwama. Mwenye kuielewa sifuri vizuri anaendelea kusafisha, anaendelea kuhesabu. Mwenye kuielewa vibaya anatupa buku.

FUNDI WA HERSTAL

Mbele ya kuacha Browning, tuseme neno juu ya upande wake unaotugusa sisi Wakongomani. Fundi huyu alifanya kazi miaka mingi na kiwanda cha FN cha Herstal, pembeni ya Liège, mu Ubelgiji, inchi ya makaa ya mawe na ya chuma. Alikuwa anavuka bahari kila mara. Alikufa pale pale Herstal, ku kazi, tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 1926. Aliacha pistole ingine ambayo haijaisha. Fundi Mubelgiji, Dieudonné Saive, akaishika, akaiendeleza, na mwaka wa 1935 ikatoka na jina la GP, ni kusema Grande Puissance. Kisanduku chake kilibeba masasi 13, wakati M1911 inabeba saba.

Wazee wetu wengi waliiona ku mukaba wa ofisa, siku za Force Publique na nyuma yake. Ni moja ya zile pistole tulizosema juu: kisanduku kikitoka, kidole kinafungwa. Wapiga-shabaha hawakupenda kizuizi hicho, juu kinafanya kidole kikuwe kizito. Huo ni mufano mzuri wa namna chombo kinavyopimwa: kitu kimoja ni usalama kwa mama wa nyumba, na ni kero kwa mutu anayetaka kupiga shabaha ndogo. Lazima kuuliza kwanza chombo ni cha kazi gani.

PISTOLE ILIYOSHINDA, KISHA IKAPASUKA

Sasa tupite ku habari ya pili. Mwaka wa 1985 jeshi la Marekani likabadilisha M1911. Nyuma ya majaribio marefu na mabishano mengi, likachagua pistole ya kompani ya Beretta ya Italia, likaiita M9. Ilishinda kwa haki. Ilipiga maelfu ya masasi mbele ya wapimaji.

Lakini mu 1987 na 1988 habari mbaya zikaanza kufika. Kile kipande cha juu, kinachokwenda nyuma na kurudi, kilivunjika mu mikono ya watu. Ku pistole zingine nusu yake ya nyuma iliruka moja kwa moja ku uso wa mwenye kupiga. Waaskari watatu wa jeshi la majini, wale wanaopiga masasi mingi kuliko wengine wote, waliumizwa. Wapimaji wakachukua pistole zingine, wakazipeleka mu laboratware, wakazipiga mpaka nazo zikaonyesha ufa.

Mabishano yakazuka. Wengine wakasema chuma chenyewe kilikuwa na udhaifu. Kompani ikasema masasi yaliyotumiwa yalikuwa na nguvu kupita kiasi. Sisi hatutaki kuhukumu. Tunataka kutazama kitu ambacho jeshi lilifanya wakati mabishano yanaendelea, juu hapo njo kuna somo.

Jeshi halikungoja mutu wa ine aumizwe. Likaamuru hivi: kipande cha juu kikifika masasi 3.000, kitolewe, kitiwe kipya, hata kama hakina alama yoyote. Baadaye likapunguza zaidi: masasi 1.000. Fikirini. Fundi anashika kipande kizima, kinang'aa, hakina hata mukwaruzo, na sheria inamwambia: tupa. Si kwa sababu kimevunjika. Ni kwa sababu hesabu imefika. Kisha mafundi wakabadilisha pini ya nyundo, wakaipa kichwa kipana zaidi, ili kipande kikivunjika siku moja, kinaswe pale pale, kisifike ku uso wa mutu.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. M9 haikutupwa. Ilitengenezwa, ikabaki mu kazi zaidi ya miaka 30.

CHUMA KINACHOKA KAMA MUTU

Namna gani chuma kizima kinavunjika bila kupigwa nguvu mpya? Hapa watu wa mugodi wanaweza kuinua kichwa, sababu jibu la ulizo hilo lilitoka kwao.

Mwanzo wa karne ya 19, mu migodi ya Clausthal, ku milima ya Harz mu Ujerumani, waliinua majiwe kwa minyororo ya chuma. Minyororo ilikuwa inakatika. Ajabu ilikuwa hii: ilikatika chini ya mizigo ambayo jana na juzi iliinua bila shida. Mukubwa mumoja wa migodi ile, Wilhelm Albert, hakukubali maneno ya "ni bahati mbaya". Mwaka wa 1829 akatengeneza mashini ya kubeba na kuachia munyororo tena na tena, akahesabu mara ngapi mbele haujakatika. Akaona kwamba muzigo mumoja mukubwa si adui peke yake. Muzigo mudogo unaorudi mara maelfu unaweza kuua chuma. Mu 1834 akatoa dawa yake: kamba iliyosukwa na nyuzi za chuma, ambamo uzi mumoja ukikatika, wengine wanabeba, na jicho linaona mbele muzigo haujaanguka. Kila kamba ya chuma inayoinua watu leo, ku Kipushi na ku migodi ya dunia yote, ni mujukuu wa kamba ile.

Basi kumbukeni: ile kazi ya kupiga masasi 6.000 na kuhesabu, mizizi yake iko mu shimo la mugodi. Albert alifanya na munyororo miaka 82 mbele waaskari hawajafanya na Colt.

Ufa wa uchovu unaanza mudogo, mahali ambapo chuma kimekatwa pembe kali, ao pana mukwaruzo, ao kutu. Kila pigo linaufungua kidogo, hata upana wa unywele haufiki. Inje hakuna kitu. Siku ya mwisho inafanana na siku zote. Ndiyo sababu jicho peke yake halitoshi, na ndiyo sababu kuna buku.

NAMNA YA KUSOMA PISTOLE ILIYOTUMIKA

Fundi mwenye akili akiletewa pistole iliyopiga maelfu ya masasi, haanzi na kuisifu wala kuilaumu. Anaifungua na kuifuata kipande kwa kipande. Anatazama resori: imefupika? Resori iliyochoka inaacha kipande cha juu kigonge nyuma kwa nguvu zaidi, na kila kigongo kinakaribisha ufa. Kwa hiyo kitu cha bei ndogo, kisipobadilishwa, kinaharibu kitu cha bei kubwa. Anatazama kile kidoto kinachovuta ganda: ncha yake imelika? Anatazama mudomo wa kisanduku: umefunguka, umepindika? Kisanduku ni chuma chembamba, kinaanguka chini kila siku, na makosa mingi watu wanayoitia pistole ni makosa yake. Mwishoni anatazama bomba na pembe za kipande cha juu, kwa taa kali, na kwa mafuta mepesi yanayoingia mu ufa na kuuonyesha.

Tena, kila kukwama anakuuliza: ni kosa la nani? Kuna kosa la pistole. Kuna kosa la lisasi, iliyolowa ao iliyotengenezwa vibaya. Kuna kosa la kisanduku. Na kuna kosa la mukono: mutu akishika pistole kwa ulegevu, mukono unarudi nyuma pamoja na chuma, kipande cha juu kinakosa nguvu ya kumaliza njia yake, ganda linanaswa. Fundi mubaya anatupa yote mu kapu moja: "pistole mbaya" ao "mutu mubaya". Fundi muzuri anatia alama ku visanduku, namba moja, namba mbili, na nyuma ya wiki anaona kwamba makosa yote yalitoka ku namba mbili.

Mu kazi yetu, mambo hayo hatuyaone mageni. Marto ikisimama, kapita wa haraka anasema: "Ni weye, haujue kazi." Pengine ni kweli. Pengine ni hewa isiyofika. Pengine ni mafuta. Pengine ni pini iliyokwisha siku yake mwezi uliopita, na hakuna aliyeandika. Bila buku, mwenye sauti kubwa njo anashinda. Na mwenye sauti kubwa si yeye anayeshuka.

MAULIZO TATU

Wasomaji wetu, hatuwaombi mupende pistole. Tunawaomba muchukue kutoka kwake maulizo tatu, na muyapeleke ku kila chombo kinachobeba maisha yenu: kamba, breki, taa, kofia ya chuma, hata motokari inayopeleka watoto ku masomo.

La kwanza: kimetumika mara ngapi? Umri wa chombo hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Pistole ya miaka 50 iliyokaa mu sanduku ni kijana. Pistole ya mwaka mumoja iliyopiga kila siku ni muzee. Kamba ni vile vile.

La pili: kilikosa mara ngapi, na nani aliandika? Mutu akijibu "hakijakosa hata siku moja" na hana buku, hajajibu kitu.

La tatu: kitu gani kilibadilishwa, na kilibadilishwa mbele ya kuvunjika ao nyuma yake? Kwa ulizo hili mutajua kama mukubwa wa kazi anahesabu chuma, ao anangoja chuma kimuhesabie watu.

Wale waliokaa pa kiwanja cha shabaha mwaka wa 1911, wakipumzisha pistole dakika tano, wakipiga 100, wakipumzisha tena, hawakuwa wanacheza. Walikuwa wanalipa kwa masasi na kwa wakati, ili mutu mwingine asilipe kwa damu. Kila buku ya kamba inayojazwa vizuri asubuhi, mbele posti ya kwanza haijashuka, inafanya kazi ile ile. Mutumikaji ana haki ya kujua kama iko, na kama ukurasa wa jana umeandikwa.